Gari Likishalala

Tetu, Nyeri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo kutoka huku kwenye baridi. Kwanza niambie kifua kinaendeleaje, na kama ile dawa ya kikohozi unainywa au umeiweka juu ya kabati uwe unaitazama. Nasikia mvua imewapita tena hapo Voi na mbuzi wanapelekwa mbali kutafuta majani. Sisi wazima. Mjukuu wako Wambui ameota meno ya mbele, makubwa kama ya baba yake. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na ile nusu nyingine unaijaza mwenyewe, halafu unawatangazia majirani. Nawe Wakesho, mdogo wangu, unayemsomea Mama, soma polepole. Ukifika kwenye mambo ya vyuma usiruke ukidhani hayamhusu. Yanamhusu.

Mama, nimeona jambo. Ukisikia kwamba mwanao amelala chini ya gari akikaza nati utadhani nimeacha cherehani. Sijaacha, bado nashona sare za shule pale sokoni. Lakini mwezi huu nimeona kitu ambacho hata sasa nikikifikiria nasimamisha mguu kwenye pedeli mpaka wateja wananiuliza kama naumwa.

Unakumbuka nilikwambia mama mkwe wangu, ambaye hapa tunamwita Maitu, alianguka shambani kwenye majani chai akaumia nyonga. Nyonga ilipona vibaya, haikunji. Ndani ya nyumba anatembea kwa kushika ukuta, na nje anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi mwisho wa ua, basi. Gari refu hawezi kulipanda kwa sababu mguu haunyanyuki, na gari fupi hawezi kuliingia kwa sababu kiuno hakiinami. Kuna siku vijana wa jirani walimbeba juu juu ili wamwingize kwenye teksi. Alipiga yowe nililolisikia usingizini wiki nzima, kisha akasema hatabebwa tena na mtu mpaka siku ya jeneza. Na Maitu akisema, amesema.

Sasa, ana dada yake mmoja tu aliyebaki. Sote tunamwita Tata, anakaa Gakindu, kule Mukurweini kwenye mashamba ya kahawa. Si mbali. Mtu mwenye gari anakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini tangu Maitu aanguke hawajaonana, na mwaka jana Tata alianza kuugua moyo. Miguu imevimba, na akisema maneno machache anahema. Kila jioni wanapigiana simu, na kila jioni Tata anamaliza na swali lile lile: atakuja lini? Maitu hujibu kwamba atakuja, kisha huitazama simu mpaka taa yake izime. Sote hapa nyumbani tulijua tunaogopa nini, ila hakuna aliyethubutu kulitaja.

Baba mkwe wangu, Mzee, si mtu wa maneno. Yeye alikwenda kwenye banda la nyuma akaanza kukata vyuma.

Maisha yake yote amekuwa fundi wa kuchomelea mageti, na ujanani aliwahi kuunda matela ya kubebea majani chai. Alichukua tumbo la gari kuukuu lililokuwa limeota nyasi, akatafuta injini ya gari jingine, na sehemu zilizobaki akazitoa kichwani mwake. Ni gari lisilofanana na gari lolote. Sakafu yake iko chini sana, karibu iguse ardhi. Mlango wa ubavuni unafunguka wote, na ndani mna benchi moja refu, kimo chake sawasawa na kile kiti cha magurudumu, ili mtu ateleze tu kutoka huku kwenda kule na mguu wake umenyooka. Gari la kuingia bila kupanda na bila kuinama! Mzee alikataza Maitu asilione mpaka liishe. Mama wa watu amesikia nyundo zaidi ya mwaka mzima, na kila mara ananiuliza kwa uso wa malaika, "Kwani Mzee anatengeneza geti kubwa namna gani?" Nami namjibu, "Kubwa sana, Maitu."

Wakesho, hapa ndipo penye vyuma, usiruke. Kila gurudumu limeshikwa na vyuma ambavyo Mzee anaviita mikono. Mahali mkono unaposhikana na mwili wa gari pana bushi. Bushi ni mpira mnene wa mviringo wenye kibomba cha chuma katikati, na humo kwenye kibomba ndimo bolti inapopita. Gurudumu likipanda jiwe, mpira unajinyonga kidogo kisha unarudi. Ndiyo maana wewe uliyekaa ndani hupigwi na kila jiwe la njiani. Kwa nyonga ya Maitu, hizo bushi ndizo zilizokuwa gari lenyewe.

Tatizo ni kwamba gari liko chini mno. Mzee alipobana sakafu na tangi la mafuta, nati za nyuma zilibaki zimejificha ndani kabisa, mahali ambapo ngumi yake haipiti. Vidole vyake vimekuwa vinene na vigumu kwa kazi ya miaka. Mume wangu Githinji yuko Nanyuki kwenye kazi yake ya hoteli, anakuja mwisho wa mwezi, na isitoshe mikono yake ni ile ile ya baba yake. Basi asubuhi moja Mzee akaja mlangoni kwangu, akakohoa, akatazama chini.

"Mama Wambui, niko na shida kidogo. Hiyo mashini yako ya kushona, ile kitu ya uzi iko huko chini, unaitoa aje na huioni?"

"Bobini, Baba? Kwa vidole tu."

"Ehe. Kwa vidore tu." Akaitazama mikono yangu hii ambayo wewe Mama umeicheka tangu nizaliwe. "Kuja."

Hapa pana jambo utakalolielewa haraka kuliko Wakesho. Mke wa mtoto halali chali miguu nje mbele ya baba mkwe. Kwetu ni aibu, na huku vilevile. Nilivaa suruali ya Githinji, juu yake nikafunga leso, na bado Mzee aliona haya kuliko mimi. Mwisho akapata njia. Nikiingia chini ya gari, yeye anageuka na kuutazama ua wa miiba, na maagizo yote anayatoa akiwa ameupa ua uso. Nimefundishwa ufundi na mgongo wa mtu, Mama. Ungetupita barabarani ungedhani mzee wa watu anagombana na miiba.

Siku ile ya kwanza gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Nafasi ilikuwepo. Nilipitisha bolti, nikavalisha nati kwa vidole, na Mzee akauambia ua, "Hapo, weka tu. Usikaze. Kukaza ni gari ikisharara."

Kinywani mwa Mzee L hutoka R, lakini nilisikia vizuri kabisa. Gari likishalala. Kwetu tunajua maana yake: gari limelala wapi, gari limelala kwa nani. Nikajisemea, kumbe mpira unataka usiku mmoja ujizoeze, kama unga wa maandazi. Basi gari likalala pale juu ya magogo. Asubuhi Mzee alikwenda kupeleka maziwa, nami nikaingia chini nikakaza nati zote, nilizozifikia vizuri kwa sababu magurudumu yalikuwa bado yananing'inia. Nilikaza kwa nguvu zangu zote. Githinji, aliyekuwa amefika usiku kwa mapumziko yake ya mwisho wa mwezi, akalishusha. Mzee aliporudi akalikuta liko chini limetulia.

"Umekaza?"

"Nimekaza, Baba."

"Ikiwa imerara?"

"Imelala vizuri kabisa, Baba."

Akatabasamu, nami nikatabasamu. Githinji naye akatabasamu bila kujua kwa nini.

Mama, gari lile lilikuwa limeinuka kwa nyuma kama paka aliyeona mbwa. Mzee alilitoa hadi barabara kuu na kurudi, likilia na kurukaruka njia nzima. Aliporudi akaingiza mkono palipofikika, akautoa ukiwa na kipande cha mpira kilichochanika. Hakufoka. Aliniuliza taratibu nilifanya nini, na lini, nami nikamweleza kuhusu usiku na asubuhi na unga wa maandazi.

"Ati nani aliambia wewe gari iko na usingizi?"

"Si ulisema likishalala, Baba?"

"Kurara! Kurara chini! Na miguu yake! Na uzito yake!" Hapo akasahau haya zote. Mzee mzima alijilaza kwenye vumbi mbele yangu, urefu wake wote, mikono kando, ili nione. "Namna hii. Ikiwa imetua. Ukikaza ikiwa inaning'inia, mpira inajua hapo ndio nyumbani. Sasa ukiiteremsha, inakaa imenyongwa siku zote. Itapasuka tu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka akiwa bado amelala. Githinji alitoka jikoni akamkuta baba yake amelala vumbini na mke wake amekaa hapo anafuta machozi, akarudi ndani bila kuuliza.

Lakini kicheko hicho hakikudumu. Wiki hiyo hiyo simu ya jioni ilipigwa na mjukuu wa Tata, si Tata mwenyewe. Bibi amechoka, alisema, leo hawezi kuongea, anasikiliza tu. Maitu akaongea peke yake. Alieleza habari za ng'ombe, za mvua, za mchungaji mpya, na upande wa pili akawa anasikia pumzi tu. Alipomaliza hakuniuliza habari za geti. Kesho yake pia hakuniuliza. Mzee alikuwa amekwisha kunywa chai yake, akatoka na kikombe kitupu mkononi, akaenda bandani.

Aliweka bushi mpya. Akapasua mbao nene za mkaratusi, tukaingiza moja chini ya kila gurudumu, hivyo gari likawa limesimama kwa magurudumu yake, na chini yake pana nafasi ya mimi kupita. Safari hii gari limelala kweli. Mzee akalizunguka, akatikisa kichwa.

"Bado. Gari ni nyepesi. Yeye akiingia, itateremka tena. Inataka kukazwa na yeye akiwa ndani." Kisha akakuna kidevu. "Rakini haijaisha. Hawezi kuiona haijaisha."

Dawa yake unaijua? Magunia ya mahindi. Mzee akaanza kuyabeba na kuyapanga kwenye benchi, akirudi nyuma, akitazama, akiongeza debe, akipunguza. Mimi nikiwa nimeshaingia chini, akaniuliza, akiwa ameutazama ua, "Mama Wambui, wewe unaona Maitu ni kama kiro ngapi?"  Nikiwa bado natafuta jibu la heshima nikasikia sauti.

"Mimi si gunia."

Nikageuza shingo. Kutoka pale chini niliona magurudumu ya kile kiti na ndara za Maitu. Alikuwa amejisukuma mwenyewe kuvuka uwanja mzima wa nyumba, kwenye matuta na mavi ya kuku, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mzee aliruka akasimama mbele ya gari, akatandaza mikono. Mtu anaficha gari kwa mikono miwili!

"Haijaisha," Mzee akasema. "Haijapakwa rangi."

"Nani ameuriza rangi?" Maitu aliongea Kiswahili ili nami nisikie vizuri. "Ati mnapima mimi na mahindi. Kama ni uzito yangu mnataka, niko nayo hapa. Toa hayo magunia."

Mzee akayatoa, moja moja. Nikataka kutoka chini nikamsaidie Maitu, lakini akasema, "Kaa hapo hapo. Fanya kazi yako." Nikabaki. Nikasikia kiti kikisukumwa juu ya mbao zilizobaki ili kifikie kimo cha benchi, mpaka kikagusa mlango. Nikasikia kiganja chake kikipigapiga benchi, kama anayejaribu godoro la dukani.  Nikafumba macho nikingoja lile yowe.

Halikuja. Nilichosikia ni kitambaa kikiteleza juu ya kitambaa, na pumzi ndefu ya mtu aliyefika.

Nikafumbua macho. Mama, gari lilikuwa linashuka. Si kwa kishindo, taratibu. Nati zilikuwa zimelegea, kwa hiyo ile mikono yote ilikuwa huru, na kila mmoja ukashuka kiasi chake, wa upande wa Maitu zaidi, wa upande mwingine kidogo, na mipira ikazunguka ndani ya vyuma vyake bila sauti mpaka kila mmoja ukapata mahali pake ukatulia. Vumbi kidogo likanidondokea usoni.  Miaka yote hii napima watu kwa utepe, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nikidhani hiyo ndiyo kupima mtu. Sijawahi kuona chuma kikimpokea mtu namna ile. Kilimpokea vile alivyo, na nyonga yake mbovu na mguu wake ulionyooka, na kikakubali. Nililala pale nimeduwaa mpaka Mzee akauuliza ua kama nimezirai.

"Limelala, Baba," nikamwambia.

"Sasa kaza."

Kukaza kwenyewe kulitaka akili. Spana Mzee alikuwa ameikata ikabaki fupi kama kidole, akaipinda kwenye moto ili ipite kule nyuma ya tangi. Lakini spana fupi haina nguvu. Basi tulifunga ukanda wa turubai kwenye ncha yake, nikaupitisha chini ya gari hadi nje, na Mzee akauweka begani, mgongo kwangu, uso kwa miiba. Mimi nashika spana kwenye nati kwa vidole, bila kuiona, shavu limebanwa na tangi, mkono umeingia hadi begani.

"Imeshika?"

"Imeshika. Vuta, Baba."

Anapiga hatua moja kuelekea ua. Nati inaenda kidogo, kidogo kabisa. Nasema wacha, anarudi kinyumenyume, naivua spana, natafuta pembe nyingine ya nati, naivalisha. Vuta. Wacha. Ngozi ya mkono ilibaki humo ndani, lakini sikusikia maumivu.

"Mnafanya nini huko chini?" Maitu akauliza kutoka juu.

"Tunakukaza, Maitu."

Akaanza kucheka. Akicheka gari linatikisika, spana ikachomoka, na Mzee na ukanda wake wakaenda hadi kwenye miiba.

"Usicheke!" Mzee akapiga kelele.

"Niko ndani ya gari yangu. Nitacheka."

Tulipomaliza nati ya mwisho, Mzee alisema sasa Maitu ashuke ili yeye apake rangi. Maitu alishika fremu ya dirisha. "Nikitoka hapa leo, mtasema kesho. Kesho mtasema rangi haijakauka." Mzee akanitazama mimi, mara ya kwanza siku hiyo, uso kwa uso, nikiwa nimejaa grisi mpaka kwenye nywele. Vibali vya barabarani Githinji alikuwa ameshavipata mjini. Tukaondoa mbao. Mzee akalizungusha uani, likapita kwenye matuta bila kulia hata kidogo, Maitu akiwa humo ndani. Nilinawa, nikabadilisha nguo, nikaingia nikakaa kando yake.

Barabara ya Gakindu unaijua ilivyo? Huijui, lakini ina makorongo ya kutosha. Kila tulipofika kwenye korongo nilimtazama Maitu usoni. Gari lilikuwa linashuka na kupanda naye, naye anatazama nje kama mtoto. Hapa wamekata miti. Hiyo duka ni ya nani? Hawa mbona wamekata kahawa wakapanda parachichi? Watu walisimama kando ya njia kukitazama kitu chetu cha mabati kisicho na rangi, na Maitu akawa anawapungia mkono. Mlima ulijitokeza nyuma yetu, wote, na theluji yake, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe huku sikuutazama sana. Nilikuwa na kitu kingine cha kushangaa.

Hatukuwa tumepiga simu. Maitu alikataza, alisema Tata akingoja atahema. Tulimkuta amekaa barazani amejifunika blanketi, amekuwa mdogo, miguu tu ndiyo mikubwa. Mzee alilipeleka gari taratibu katikati ya maharage mpaka likagusa ukingo wa baraza, akashuka, akafungua ule mlango wote.

Nilidhani kutakuwa na vilio. Nilishatayarisha leso. Miaka yote hiyo ya simu za jioni, nilidhani maneno yatamwagika. Tata aliinuka kwa kushika nguzo, mjukuu wake akamshika upande wa pili, akaja hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Akasimama anahema. Akautazama mguu wa dada yake ulionyooshwa juu ya benchi. Akamtazama usoni, muda mrefu. Halafu akasema neno moja tu la Kikuyu, nami nililielewa kwa sababu huambiwa Wambui kila anapolala na binamu zake kitanda kimoja.

"Sogea."

Maitu akasogea. Tata akaingia, akakaa, akavuta blanketi likawafunika wote wawili, na gari likashuka tena kidogo, taratibu, likatulia. Chai waliletewa humo humo.

Mama, nisalimie Baba Mdogo, mwambie viatu nimepokea na vinanitosha. Msalimie Shangazi wa Mwatate na mguu wake, na bibi jirani anayeazima mchi wako na asiurudishe. Githinji anakupa shikamoo. Mzee anakusalimu, na Maitu anasema anakudai ziara.

Shule zikifungwa nakuja na Wambui. Usihangaike kutandika kitanda cha wageni. Wewe sogea tu.

Mwanao,
Mghoi